Rejeta ya Shaba na Fundi Wake

Lawama moja imezoeleka kwa wenye magari, kuanzia Kariakoo hadi ile barabara ya Nairobi ambayo rasmi ni Kirinyaga lakini wengi bado wanaiita Grogan: mafundi wa siku hizi hawatengenezi, wanabadilisha tu. Gari likichemsha, fundi anaitazama rejeta, anasema imekwisha, na mwenye gari anaelekezwa duka la spea. Hapo ndipo wanapokumbukwa mafundi wa zamani, waliochukua rejeta iliyotoboka asubuhi na kuirudisha jioni ikiwa nzima. Wanaolaumu wanadhani kilichopotea ni ujuzi, au uvumilivu, au uaminifu wa fundi. Naamini wamekosea mahali pa kutazama. Historia ya rejeta, tangu ilipoundwa Ujerumani hadi ilipozoeleka katika gereji zetu, inaonyesha kwamba ufundi ule ulitegemea aina ya metali na namna ilivyounganishwa. Kiwanda kilipobadilisha metali na kiungo, kazi ya fundi iliondoka ndani ya chombo chenyewe kabla haijamtoka fundi mikononi.

Tuanze na tatizo ambalo rejeta iliundwa kulitatua. Takribani theluthi moja ya nguvu iliyomo katika mafuta huishia kwenye maji yanayozunguka injini, na maji hayo yasipopozwa injini hujiua yenyewe. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 halikuwa na rejeta kama tunavyoijua. Maji yalichemka yakapotea hewani kama mvuke. Ndiyo maana Bertha Benz, alipoliendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwezi Agosti 1888, safari ya zaidi ya kilomita 100, alilazimika kuongeza maji njiani mara kwa mara. Ufumbuzi wa kudumu ulitoka kwa mhandisi Wilhelm Maybach. Katika gari la Mercedes la nguvu farasi 35 lililokamilika mwishoni mwa mwaka 1900, aliweka rejeta yenye mirija midogo 8,070 ya pembe nne, kila upande milimita 6, hewa ikipita ndani ya mirija na maji yakizunguka nje yake. Maji yaliyohitajika yakashuka kutoka lita 18 hadi 9. Miundo iliyofuata iligeuza mpango huo, maji yakapita ndani ya mirija bapa na hewa ikapita katikati ya mapezi, na hilo ndilo umbo lililoenea duniani.

Kwa miaka zaidi ya sabini chombo hicho kilitengenezwa kwa vitu vilevile: mirija na matangi ya shaba njano, mapezi ya shaba nyekundu, na lehemu ya risasi na bati kuvishikanisha. Shaba nyekundu ilichaguliwa kwa sababu inapitisha joto kuliko karibu metali zote. Ila sifa iliyozaa kazi ya fundi ni tofauti ya joto la kuyeyuka. Lehemu ya risasi na bati huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 300 za Selsiasi. Shaba njano inahitaji zaidi ya nyuzi 900, na shaba nyekundu nyuzi 1,085. Mtu mwenye tochi ya gesi, au hata pasi ya kulehemu iliyopashwa kwenye jiko la mkaa, anaweza kuyeyusha kiungo, kulitoa tangi, kusafisha ndani na kulirudisha, huku metali yenyewe ikibaki salama. Hata mkono usio mwepesi una nafasi ya mamia ya nyuzi kabla ya kuharibu. Hakuna mhandisi aliyeweka sifa hiyo kwa ajili ya fundi wa Gerezani, Dar es Salaam. Kiwanda kililehemu kwa sababu ndiyo ilikuwa njia rahisi ya kuunganisha shaba, na kilichoweza kuunganishwa kwa moto mdogo kiliweza kufunguliwa kwa moto mdogo.

Afrika Mashariki iliipokea rejeta hiyo katika mazingira yaliyoitesa. Luteni Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam mwezi Agosti 1907 akiwa na gari lililojengwa Gaggenau, Ujerumani, akafika Swakopmund kwenye Bahari ya Atlantiki mwezi Mei 1909. Karibu miaka miwili kuvuka bara ni kipimo tosha cha njia zenyewe. Mwaka 1926 Lionel Galton-Fenzi aliendesha gari la Riley kutoka Nairobi hadi Mombasa, na safari hiyo ilihesabiwa kuwa jambo la kishujaa hata akajengewa mnara Nairobi. Kati ya miji hiyo miwili kuna nyika ya Taru, ambako maji ya kunywa ni shida, sembuse ya gari. Mwinuko nao una hesabu yake. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa takribani nyuzi 94. Na kwenye nyanda za Timboroa hushuka hadi kama 91. Lori la zamani ambalo kifuniko chake hakikushikilia shinikizo lilipoteza nyuzi hizo moja kwa moja, tena pale pale penye mlima na mzigo, injini inapotoa joto jingi kuliko kawaida. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953, yaliyokuja kuitwa Safari Rally, yanatoa ushahidi mwingine: Volkswagen ndogo, ambayo injini yake hupozwa kwa hewa na haina rejeta wala tone la maji, ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Barabara ngumu, mwendo mdogo na mabonde ya vumbi yaliipa nafasi sawa na magari makubwa, na kukosa kitu cha kuchemka kulikuwa sehemu ya sababu.

Lori la mizigo halikuwa na njia hiyo ya mkato. Lilihitaji maji, na maji yalichotwa popote: mtoni, kwenye dimbwi, kwenye kisima chenye chumvi. Utingo aliyebeba gogo la kuzuia gurudumu mlimani ndiye aliyebeba debe la maji pia. Maji hayo yaliingia na tope, chokaa na kutu, na kila yalipochemka yakaacha ukoko ndani ya mirija. Rejeta ikaziba polepole, gari likaanza kuchemsha kwenye mlima ambao mwaka uliopita lilipanda bila shida. Wapo madereva walioitibu wenyewe kwa ute wa yai au pilipili ya unga ili kuziba tundu dogo, na dawa hizo zilifanya kazi kwa muda, kisha zikaziba na mirija iliyokuwa mizima. Kwa hiyo hata fundi asingekuwapo, hali yenyewe ingemtafuta.

Kazi yake inafaa kuelezwa kwa karibu, maana ndiyo kiini cha hoja. Rejeta inatolewa kwenye gari, inaoshwa tope la nje. Matundu yote yanazibwa, unaachwa mlango mmoja wa kupitishia hewa, kisha inazamishwa kwenye nusu pipa la maji. Hewa inasukumwa, hata kwa pampu ya baiskeli, na fundi anatazama mapovu yanapotokea. Povu linalopanda kwenye ukingo wa tangi lina maana moja. Linalotoka katikati ya mapezi lina maana nyingine, nayo ni mbaya zaidi. Kama tatizo ni kuziba, tangi la juu linapashwa moto pembeni pote hadi lehemu ing'ae na kulegea, kisha linang'olewa. Vinywa vya mirija vinaonekana vimejipanga safu kwa safu, vingine vyeusi, vingine vimefungwa kabisa na ukoko wa rangi ya udongo. Fundi anapitisha ukanda mwembamba wa chuma ndani ya kila mrija, juu hadi chini, mmoja baada ya mwingine, akichokoa bila kutoboa. Uso wa shaba unasafishwa kwa asidi iliyotulizwa kwa vipande vya zinki, lehemu mpya inatiririshwa kuzunguka ukingo, na rejeta inarudishwa kwenye pipa kupimwa tena. Mrija uliooza usiozibika huuawa: unafungwa ncha zote mbili, na rejeta inaendelea na iliyobaki. Mirija michache ikiuawa gari halitambui. Ikizidi, mlima utasema. Fundi mzuri alijua mpaka huo, na ujuzi huo haukuandikwa popote.

Ulirithiwa wapi? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 zaidi ya vibarua 31,000 waliletwa kutoka Uhindi kujenga reli ya Uganda. Wengi walirudi kwao, wapatao 6,700 wakabaki, na baada yao walikuja wahunzi, mafundi seremala na mafundi mitambo wengine wa Kihindi, hasa Masingasinga, waliofungua karakana katika miji iliyoota kando ya njia. Kenneth King, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu fundi wa Kiafrika nchini Kenya, alifuatilia jinsi vijana walioajiriwa humo kama wasaidizi walivyochukua ujuzi kwa kutazama na kushika, kisha wakatoka na kuanza kazi zao chini ya jua. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 ndiyo iliyoitambua kazi hiyo kama sekta yenye uzito katika uchumi, ingawa wenye kazi walikuwa hapo siku nyingi. Katwe mjini Kampala, Gerezani mjini Dar es Salaam na Grogan mjini Nairobi zote zilijulikana kwa kelele ya bati na nyundo. Lehemu ilifaa sana mazingira hayo kwa sababu vifaa vyake ni vichache na vyepesi kubeba, kiasi kwamba fundi aliyefukuzwa na askari wa jiji asubuhi aliweza kuwasha jiko lake mtaa wa pili mchana.

Kisha barabara kubwa ikaongeza kazi. Ian Smith alipoitangazia Rhodesia uhuru wa Wazungu wachache tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya kusini, na malori yakamiminika kati ya Dar es Salaam na Ukanda wa Shaba kwenye barabara ambayo wakati huo sehemu kubwa ilikuwa vumbi na tope. Yalipanda na mafuta, yakashuka na shaba. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, lami na reli ya TAZARA vikafuata katika miaka ya 1970, lakini kwa miaka ile ya kwanza kila kilichoingia na kutoka kilitegemea injini za dizeli zilizopanda mlima wa Kitonga kwa gia ya kwanza. Mji uliokuwa kando ya barabara kama hiyo haukuweza kukosa mtu wa kuziba rejeta.

Hapa linakuja pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Wapo watakaosema kwamba ufundi huo ulikuwa mtoto wa shida: watu walilehemu kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kununua, na spea zilipopatikana kila mwenye akili alinunua mpya. Tanzania inaonekana kuthibitisha hilo. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, vita ya Kagera ikala fedha za kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 spea ya gari ilikuwa kitu cha kutafutwa kwa kujuana. Serikali ilipowaruhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe mwaka 1984, na mageuzi ya uchumi yalipofuata mwaka 1986, maduka yakajaa. Hata hivyo ukitazama nje ya Afrika Mashariki hoja hiyo inalegea. Marekani na Uingereza, ambako spea hazikuadimika hivyo, zilikuwa na maduka ya mafundi rejeta katika miji yake kwa muda wote ambao rejeta zilikuwa za shaba. Mwenye Ford au Chevrolet hakuitupa rejeta iliyotoboka. Aliipeleka kuchokolewa na kulehemiwa, maana kazi hiyo iligharimu sehemu ndogo ya bei ya mpya. Mengi ya maduka hayo nayo yamefungwa, tena yalianza kufungwa kabla ya yetu. Kama umaskini ndio uliozaa kazi hiyo, matajiri wasingeifanya. Na kama utajiri ndio ulioiua, isingedhoofika vilevile Nairobi na Dar es Salaam. Nchi hizo zote zilibadilikiwa na kitu kimoja cha pamoja, nacho ni rejeta yenyewe.

Mabadiliko hayo yalianza taratibu. Viwanda vilijaribu aluminiamu mapema miaka ya 1960, na katikati ya miaka ya 1970 watengenezaji wa Ulaya walianza kuweka kwenye magari ya kawaida rejeta ya mirija na mapezi ya aluminiamu yenye matangi ya plastiki. Hadi miaka ya 1990 huo ulikuwa ndio utaratibu wa magari madogo mapya, na ndiyo miaka ambayo magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika Mombasa na Dar es Salaam. Sababu za kiwanda zilikuwa nzuri. Aluminiamu haipitishi joto kama shaba, lakini uzito wake haufiki hata theluthi ya uzito wa shaba, na kwa mirija mipana na mapezi mengi pengo hilo linazibika. Ikatokea rejeta nyepesi na rahisi kuzalisha kwa wingi. Tatizo la fundi liko kwenye kiungo. Aluminiamu hujifunika utando wa oksidi mara inapokutana na hewa, na lehemu ya kawaida haishiki juu yake. Kiwandani vipande huunganishwa ndani ya tanuri lenye naitrojeni kwa joto la karibu nyuzi 600, wakati aluminiamu yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 660. Nafasi ya kukosea, iliyokuwa mamia ya nyuzi, imebaki makumi. Tangi la plastiki halina lehemu kabisa: limebanwa kwa meno ya aluminiamu yaliyokunjwa juu ya mpira. Plastiki hiyo huzeeka kwa joto, hubadilika rangi kuwa ya hudhurungi, na mara nyingi hupasuka kwenye shingo unapoingia mpira wa juu. Fundi anaweza kuipaka gundi ya chuma, na wengine hufanya hivyo, lakini anajua na mteja anajua kwamba shinikizo na joto vitaifungua. Kumlaumu kwa kuwa hailehemu ni kumlaumu kwa jambo lisilowezekana kwa lehemu.

Wapo pia watakaosema kwamba hatukupoteza kitu cha kulilia, na katika hili wana haki kuliko wanavyopewa. Risasi ni sumu. Uchunguzi wa kitabibu katika nchi mbalimbali, Marekani ikiwemo, umekuta mara kwa mara risasi nyingi katika damu ya mafundi rejeta, na vumbi lake hufuata nguo za kazi hadi nyumbani kwa watoto. Fundi aliyeinama juu ya moto miaka mingi, bila feni wala barakoa, akila chakula chake mahali palepale, alilipia uhodari wake kwa mishipa na figo zake. Sitamani mtu arudi huko, na sikubali ufundi usifiwe bila gharama hiyo kutajwa. Lakini madhara ya risasi hayaelezi kwa nini fundi wa leo anabadilisha badala ya kutengeneza. Kiwanda hakikuachana na lehemu kwa kumhurumia fundi wa Katwe. Kilitafuta wepesi na gharama ndogo, na nafuu ya afya ikaja kama matokeo.

Pingamizi gumu zaidi ni la tatu: kwamba mafundi wetu wenyewe ndio wanaoziua rejeta hizi mpya, kwa kutoa themostati na kujaza maji ya bomba. Tabia hiyo ipo, imeenea, na inaharibu. Lakini nayo ina historia. Themostati ya kawaida hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88. Katika lori la zamani lisilo na shinikizo, likiwa Nairobi ambako maji huchemka kwa 94, nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo mno, na themostati iliyogandamana kwa tope ilitosha kuua injini porini. Kuitoa kulikuwa uamuzi wenye akili kwa chombo kile na maji yale. Maji matupu nayo yalivumiliwa na shaba, kwa sababu ukoko ungechokolewa. Dawa ya kupozea yenye glaikoli (kulanti), iliyoanza kuuzwa kwa wenye magari katika miaka ya 1920, ilitangazwa kama kinga ya barafu, na dereva wa Tabora alikuwa na haki ya kuuliza barafu iko wapi. Kilichobadilika ni chombo. Kifuniko cha rejeta ya leo mara nyingi huandikwa 0.9 au 1.1, na shinikizo hilo hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Katika injini nyingi themostati hufunga pia njia fupi ya maji, hivyo ikitolewa sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi kuliko lilivyokuwa. Kompyuta ya injini, ikisoma kwamba maji hayajapata joto, huendelea kumwaga mafuta mengi. Na aluminiamu huliwa na maji yenye chumvi bila viambato vya kuzuia kutu vilivyomo katika kulanti. Fundi anayefanya leo alichofundishwa na mwalimu wake anatumia hekima ya shaba kwenye aluminiamu. Hilo ni kosa, ila ni la mtu aliyebadilishiwa kifaa bila kuambiwa, maana kitabu cha gari lililotoka Japani kimeandikwa Kijapani.

Ujuzi unaotakiwa sasa upo, na si mdogo. Kupima kama kifuniko kinashika shinikizo lake, kutambua feni inayochelewa kuwaka, kutofautisha rejeta iliyoziba na gasketi ya silinda hedi iliyopitisha, kutoa hewa yote baada ya kujaza kulanti, kuchagua mchanganyiko sahihi na maji yasiyo na chumvi: yote hayo yanaokoa injini kwa uhakika kuliko lehemu ilivyowahi kufanya. Kubadilisha tangi la plastiki kwa kufungua na kukunja upya meno yake kunawezekana pale mpira na tangi vinapopatikana, na kuchomelea aluminiamu kwa gesi ya agoni kunafundishika. Malori makubwa na mitambo ya zamani bado yanaleta rejeta za shaba kwa wazee wachache wenye moto.

Ila kuna jambo ambalo wanaolaumu wanapaswa kujitazama wenyewe. Wakati wa shaba mteja aliona kazi: moto, mapovu, tangi limeng'olewa, mirija ikichokolewa mmoja mmoja. Alibishania bei, kisha akalipia jasho alilolishuhudia. Kazi ya leo ni ya kupima na kufikiri, haitoi moshi, na mteja anayeambiwa kwamba tatizo ni kifuniko tu huondoka akiona hana deni kwa dakika arobaini zilizotumika kuligundua. Fundi naye ana kodi ya nyumba na ada za shule. Anajua kwamba saa nzima ya uchunguzi itamletea ahsante, na rejeta mpya itamletea ujira wa kufunga pamoja na chochote anachopewa na mwenye duka la spea. Maadamu malipo yamebaki kwenye kitu kinachoshikika, fundi atapeleka mkono wake huko.